Fedha za Nje na Uhuru wa Vyama Vyetu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi)



Juma lililopita tuliulizwa kule karakana: Serikali ikitunga sheria ya kuzuia fedha za kigeni zisiingie katika vyama, je, tutaiunga mkono? Tumekuja kujibu, na jibu letu halitawapendeza wote.

Kwanza tukubali kwamba mkono wa nje upo. Sisi wenyewe tumekula kutoka mkono huo. Solidarity House ya Nairobi, makao ya Kenya Federation of Labour, ilijengwa kwa msaada wa dola 35,000 za vyama vya wafanyi kazi wa Marekani, alizopata Bwana Tom Mboya. Wenzetu wa Kenya African Workers' Congress nao walitazama Accra. Wakubwa wa dunia walikuwa wakivutana, na kamba ilikuwa shingoni mwetu. Mwaka 1965 wafuasi wa pande hizo mbili walipigana Mombasa, watu wakafa. Tusiseme Serikali ilizua jambo lile.

Lakini itazameni dawa iliyotolewa. Mwaka ule ule vyama vyote viwili vilifutwa, COTU ikaundwa, uhusiano na mashirika ya ng'ambo ukakatwa. Na katika karatasi hizo hizo liliingia neno jingine: Katibu Mkuu atateuliwa na Rais, kati ya majina yatakayopelekwa na chama. Sasa jiulizeni, ni mgeni gani aliyezuiwa kwa neno hilo? Aliyezuiwa ni mwanachama aliyelipa ada yake.

Ndiyo maana habari za nchi nyingine zinatuhusu. Urusi ilianza mwaka 2012 kuyaandikisha mashirika yapokeayo fedha za nje na kujishughulisha na siasa, yaitwe mawakala wa kigeni. Kwa sheria ya 2022 hata fedha si lazima, yatosha kusemwa kwamba uko chini ya mvuto wa kigeni. Georgia ikafuata Mei 2024: shirika lipatalo zaidi ya sehemu 20 kwa mia ya fedha zake kutoka nje lijiandikishe kuwa linatumikia nchi ya kigeni. Watu walijaa barabarani Tbilisi, Rais wao akaikataa sheria, Bunge likaipitisha vivyo hivyo.

Na hapa kwetu, mwaka 2013, Bunge lililetewa mswada wa kuyazuia mashirika ya kiraia yasipokee zaidi ya sehemu 15 kwa mia kutoka nje. Wabunge waliukataa Desemba. Tuwape haki yao, maana si kila siku tunawasifu.

Australia walitunga yao mwaka 2018. Kule anayetumwa na serikali ya nje kwenda kushawishi wakubwa hujiandikisha, akasema ametumwa na nani. Swali hilo ni la haki. Linauliza kazi uliyotumwa, wala si nani aliyekununulia meza ya ofisi.

Basi, sheria ya kuuliza "umetumwa na nani" tutaiunga mkono. Sheria ya kumpa waziri ufunguo wa ofisi yetu, hapana. Na ili tusione haya kusema hivyo, kitabu cha fedha za tawi hili, pamoja na hesabu ya semina ile iliyolipwa na wageni, kitawekwa mezani mwisho wa mwezi, kila mwenye kadi akisome. Mweka hazina amekwisha kubali, ingawa alikunja uso.