Askari Wanane wa Mkengeni



Jioni ya Alhamisi tarehe 13 Aprili 2017, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, gari la Jeshi la Polisi lilikuwa likiwarejesha kambini askari waliomaliza zamu katika kizuizi cha barabarani cha Jaribu Mpakani. Lilipofika Mkengeni, kata ya Mjawa, wilayani Kibiti, lilimiminiwa risasi. Askari wanane walifariki dunia, mmoja akajeruhiwa na kunusurika, na silaha zao zikaporwa.

Taarifa kwa umma iliwataja kama askari wanavyotajwa siku zote: cheo, namba, kisha jina moja kwa wengi wao. Mkaguzi Msaidizi alikuwa mmoja, koplo mmoja, na makonstebo sita. Konstebo ndiye askari wa ngazi ya chini kabisa. Ndiye anayesimama juani kwenye kizuizi, ndiye anayeamshwa usiku wa manane pakisikika yowe, na wakazi wengi humfahamu kwa sare yake kuliko kwa jina la baba yake.

Heshima za mwisho zilitolewa Dar es Salaam, katika viwanja vya Polisi vya Barabara ya Kilwa, kisha marehemu wakapelekwa kuzikwa makwao. Hapo ndipo penye ugumu. Askari hupangiwa kazi mbali na nyumbani. Anapokufa kazini, kata aliyokuwa akiilinda haibaki na kaburi wala matanga, na mwaka unaofuata hakuna wa kusoma hitima wala wa kuwasha mshumaa. (Pwani msiba haualikiwi; mtu husikia akaenda. Lakini ataenda wapi, ikiwa msiba wenyewe uko mkoa mwingine?)

Taifa lina siku yake. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, huwekwa mashada ya maua, mkuki na ngao kwenye minara ya kumbukumbu. Ni heshima kubwa, ila ni ya mashujaa wote kwa pamoja, na mtoto wa Mkengeni anaweza kuitazama sherehe hiyo bila kujua kwamba inahusu pia njia anayopita kwenda shule.

Tena, askari hao hawakuwa peke yao. Katika kipindi hicho hicho waliuawa pia wenyeviti wa vijiji na vitongoji, pamoja na watendaji, katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Hao hawakuwa na sare wala bunduki. Walikuwa na mhuri na daftari la wakazi. Kumbukumbu itakayowataja askari na kuwaacha hao itakuwa nusu. Wakazi nao walilipa kwa namna yao: pikipiki zilipigwa marufuku kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, na pasipo bodaboda, mgonjwa wa kijijini hana gari la kumfikisha zahanati.

Jambo moja lisemwe wazi, kwa kuwa hunong'onwa. Kumheshimu askari aliyekufa hakumnyang'anyi mwananchi haki ya kumlalamikia askari aliye hai. Anayeonewa aende kwa mkuu wa kituo, akishindwa aende kwa mkuu wa polisi wa wilaya, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo ipo. Askari anayedai rushwa kizuizini anawavunjia heshima wale wanane kuliko raia anayemshitaki.

Kuhusu wajane na yatima: nyumba ya kambini ni ya kazi, na aliyefiwa hulazimika siku moja kuiacha. Ndugu wa marehemu wasichelewe kupata cheti cha kifo, kufanya kikao cha ukoo na kuandika muhtasari wake, kupata barua ya mtendaji, kisha kufungua shauri la mirathi mahakamani ili msimamizi ateuliwe. Bila msimamizi, mafao huweza kukaa miaka huku watoto wakirudishwa nyumbani kwa kukosa mahitaji ya shule. Mtendaji anayempa mjane barua hiyo siku hiyo hiyo, bila kumwambia arudi kesho, amefanya ibada ya ukumbusho kuliko mwenye kusimama kimya kwa dakika moja.

Likitakiwa jiwe la kumbukumbu, njia yake si ndefu. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, na mkazi anaweza kuomba jambo hilo liingizwe kwenye ajenda. Mahali pa jiwe pachaguliwe kwa uangalifu: hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na kinachojengwa humo bila kibali huwekewa alama ya X na kubomolewa. Lisimamishwe nje ya mita hizo, katika ardhi ya kijiji, penye kivuli. Familia za marehemu ziombwe ridhaa kwanza, kupitia Jeshi la Polisi, nazo zitoe majina kamili, hadi la babu, yachongwe badala ya namba. Majina ya viongozi wa vijiji na vitongoji yafuate chini yake, kwa herufi za ukubwa ule ule.