Wakati wa Kupanda Mibuni Kihambani

(Mazungumzo kwa wanachama na viongozi wa vyama vya msingi)



Kila mwaka, mvua za masika zinapoanza kunyesha katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, wanachama wengi hufika kwenye ofisi za vyama vyao kuulizia miche ya kahawa. Hufika na haraka, maana mvua imekwisha nyesha siku mbili tatu na majirani wanapanda mahindi. Miche hugawiwa, majina huandikwa daftarini, na karani hupiga mstari chini ya jumla. Ufikapo mwezi Februari wa mwaka unaofuata, daftari huonyesha idadi ile ile. Lakini kihambani, mahali palipoandikwa mche, mara nyingi pamesimama kijiti kikavu.

Hasara hiyo si lazima itokane na ubovu wa miche wala uvivu wa mkulima. Mara nyingi hutokana na wakati. Hapana budi kila mwanachama aelewe kwamba wakati wa kupanda mbuni hauanzi siku mvua inaponyesha. Huanza miezi kadhaa kabla, ardhi ingali kavu.

Mbuni hauwezi kulinganishwa na mahindi. Mahindi yakinyauka, mkulima hungoja msimu mwingine akapanda tena. Mbuni hukaa kihambani miaka arobaini, hamsini, hata zaidi, na mavuno yake ya kwanza yenye maana hupatikana baada ya miaka mitatu au minne. Anayepoteza mche amepoteza gharama ya mche, jasho la kuchimba shimo, na mwaka mzima wa kungoja. Na vihamba vingi vya Kilimanjaro vina mibuni ya zamani inayoshambuliwa na chulebuni na kutu ya majani. Tangu mwaka 2005 Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, yenye makao yake Lyamungo, imekuwa ikitoa aina mpya zinazostahimili magonjwa hayo. Aina hizo ni nzuri, lakini nguvu yake dhidi ya ugonjwa haiukingi mche mchanga na ukame. Aina bora iliyopandwa wakati mbaya hufa kama nyingine yoyote.

Yafaa ieleweke kwa nini masika ndiyo msimu unaofaa. Mche uliopandwa mwezi wa Aprili hupata mvua za Aprili na Mei, wakati mizizi inaposhika ardhi. Kisha huja Juni, Julai na Agosti, miezi ya baridi na mawingu, ambayo udongo wake haukauki upesi. Jua kali la Septemba na Oktoba linapofika, mizizi imekwisha kwenda chini, na baadaye mvua za vuli huja kuuongezea mche nguvu. Kinyume chake, mche uliopandwa Novemba, katika mvua za vuli, hukutana na joto la Januari na Februari kabla mizizi yake haijatoka vizuri nje ya udongo uliotoka nao kitaluni. Kwa sababu hiyo upandaji wa vuli unamfaa yule tu mwenye maji ya uhakika ya mfongo, na mwenye nia ya kumwagilia bila kukosa.

Kalenda hii haiazimwi. Mbozi na Mbinga, ambako mvua ni za msimu mmoja unaoanza mwishoni mwa mwaka, wakulima hupanda mwezi wa Desemba na Januari. Kila mahali panapanda kwa mvua yake.

Sasa, mwenye kutaka kupanda Aprili afanye nini, na lini? Kazi ya kwanza ni shimo, na shimo ni kazi ya Desemba au Januari. Lichimbwe futi mbili kwenda chini na futi mbili kila upande. Udongo wa juu uwekwe upande mmoja na wa chini upande mwingine. Shimo liachwe wazi lipigwe na jua. Mwezi Februari au mwanzoni mwa Machi lijazwe kwa udongo wa juu uliochanganywa na debe moja la samadi iliyooza barabara. Samadi mbichi huunguza mizizi. Udongo huo upewe mwezi mmoja wa kutulia. Anayechimba, kujaza na kupanda siku moja huona udongo ukididimia baada ya mvua chache, na mche ukabaki katika bakuli la maji, shina lake limefukiwa na kuoza.

Kazi ya pili ni ya viongozi wa chama. Mbegu ya kahawa huchukua wiki sita hadi nane kuota, na mche huhitaji miezi kadhaa zaidi kitaluni kabla ya kufaa kupandwa. Kwa hiyo miche ya Aprili ni mbegu za katikati ya mwaka uliotangulia. Chama kinachokusanya maombi ya wanachama mwezi Machi kimechelewa miezi tisa. Kitapata miche michanga mno, au kitaletewa miche mwishoni mwa Mei, mvua zikiaga. Aidha, wiki chache kabla ya kugawiwa, miche ipunguziwe kivuli kidogo kidogo, ili isitoke gizani na kutupwa juani siku moja.

Kazi ya tatu ni kuipima mvua. Mvua za kwanza humdanganya mwenye mbuni. Huweza kunyesha siku tatu na kukatika wiki mbili, na unyevu wake ukaishia juu juu. Kipimo si tarehe wala wingi wa matope njiani. Mkulima achimbe kwa jembe kando ya shimo, achukue udongo wa kina cha futi moja, aukamate kiganjani na kuuminya. Ukishikamana, wakati umefika. Ukimwagika kama vumbi, angoje. Lakini kungoja nako kuna mpaka, kwa maana mche unahitaji wiki kadhaa za mvua mbele yake. Ambaye hajapanda hadi katikati ya Mei ni heri autunze mche kitaluni kuliko kuuzika.

Siku ya kupanda iwe ya mawingu, au kazi ifanywe jioni. Mfuko wa nailoni uondolewe bila kuvunja bonge la udongo. Mzizi mkuu usimame wima, kwa kuwa mzizi uliopinda hudhoofisha mti ambao kwa macho ulionekana mzima. Mche ukae kwa kina kile kile uliokuwa nacho kitaluni. Mwishowe uwekewe kivuli cha muda, na matandazo ya majani makavu ya migomba, yasiyogusa shina.

Wachukuliwe, kwa mfano, wanachama wawili ambao vihamba vyao vinapakana. Wa kwanza amechukua miche mia moja kwa mvua ya kwanza, hana hata shimo moja. Wa pili amechukua miche thelathini, kwa kuwa mashimo aliyochimba mwezi Januari ni thelathini. Daftarini wa kwanza ndiye aliyeendelea. Lakini miaka minne baadaye, siku ya kupima kahawa mizanini, huenda wa pili akawa ndiye mwenye gunia, na mwenzake akabaki na deni la miche.

Mpanda ovyo hula ovyo. Kwa hiyo yafaa kila chama kiongeze safu moja katika daftari lake la miche: idadi ya miche iliyo hai mwishoni mwa Februari, baada ya jua kali, ikihesabiwa kihambani mbele ya mwenye shamba. Mwanachama naye asipewe miche kuzidi mashimo aliyokwisha jaza. Chama kitakachofanya hivyo kitagawa miche michache kuliko zamani, na kitavuna kahawa nyingi zaidi.