Shamba Jipya la Mibuni



Sisi tukaao Kahawa Sukari, na pande za Ruiru na Thika, tunalitaja jina la kahawa kila siku. Lakini wengi wa vijana wetu hawajapata kuona mche wa mbuni ukitiwa ardhini. Mahali pengi palipokuwa na mibuni, sasa pana nyumba. Kwa hiyo mtu apandaye shamba jipya siku hizi amekata shauri zito. Angeweza kuuza viwanja na kupata fedha mara moja, naye amechagua kungoja.

Hivi karibuni nilitazama kazi hiyo upande wa Ruiru. Mgeni afikaye siku ya kupanda hudhani kazi ndiyo inaanza, kumbe ilianza yapata miezi mitatu nyuma, wakati wa kiangazi. Kila shimo lilichimbwa sentimita 60 kwa upana, na 60 kwenda chini. Udongo wa juu, ulio na rutuba, uliwekwa kando, kisha ukachanganywa na debe la samadi iliyooza na kurudishwa shimoni ushuke. Mche ukipandwa katika udongo ambao haujashuka, mvua ikinyesha utazama, na maji yatatuama shinani.

Mistari ilinyoshwa kwa kamba na vigingi. Mibuni ya zamani, kama SL 28, hupewa nafasi ya futi 9 kila upande, yaani miti kama 540 katika ekari moja. Lakini shamba hili lilipandwa Ruiru 11, mbuni mfupi utoshao nafasi ya meta 2, hata ekari moja hupokea miti kama 1,000. Mbuni huu ulitolewa mwaka 1985 na kituo cha utafiti wa kahawa kilichopo hapa hapa Ruiru. Unastahimili kutu ya majani na ugonjwa wa kuozesha buni changa, ulioonekana Kenya tangu mwaka 1922. Basi mkulima hupunguza gharama ya dawa. Ila asiokote mbegu chini ya miti yake akazipanda: mbegu halisi hupatikana kwa kuchanganya wazazi wawili kwa mkono, na watoto wa Ruiru 11 hawafanani na mama yao.

Mzee aliyesimamia kazi alikagua mzizi wa kila mche. Uliopinda aliutupa, ingawa majani yake yalikuwa mazuri. Kijana mmoja alisikitika, akasema, "Mzee, huu umenunuliwa kwa fedha." Mzee akamjibu, "Ukiuonea huruma leo, miaka mitano ijayo utajionea huruma mwenyewe." Maana mzizi mkuu uliopinda haushuki chini kutafuta maji, na mti hudhoofu baada ya mkulima kuutumikia miaka mingi.

Kisha kila mche ulifunikwa kivuli cha matawi, na nyasi zikatandazwa kuhifadhi unyevu, bila kugusa shina. Mavuno ya kwanza hutazamiwa baada ya miaka miwili hivi.

Tukumbuke pia kwamba mapadri Wafaransa walileta kahawa Bura, Taita, mwaka 1893. Lakini kwa miaka mingi Waafrika wa sehemu hizi walizuiwa kuipanda. Ruhusa ilienea sana baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Wazee wetu waliitamani haki hii wakiwa vibarua katika mashamba ya wengine.

Simlaumu ajengaye nyumba, kwa kuwa watu wahitaji mahali pa kulala. Bali namwomba mwenye shamba apige hesabu ya miaka kumi kabla ya kung'oa, na mwenye kupanda asiharakishe shimo wala asidharau mzizi. Fedha za kiwanja huja mara moja tu. Mbuni uliotunzwa huwalipa hata wajukuu.