Ubao, Bamvua na Barua ya Mwalimu

Leo nazungumzia hisabati, na tafadhali usibadilishe stesheni. Hesabu nitakazokupa ni mbili tu, ndogo, na zote mbili wakazi wa kisiwa hiki cha Mombasa wanaishi nazo.

Katika wiki ya idara ya hisabati ya chuo kikuu kuna saa moja isiyokuwa na mtihani, wala alama, wala posho. Mtu husimama mbele ya ubao, akaeleza jambo alilolishughulikia, kisha akaulizwa maswali mpaka jasho limtoke. Hiyo ndiyo semina. Si ile ya hoteli za Nyali yenye begi, kalamu na chakula cha mchana. Hii aghalabu huwa na watu kumi na wawili, na wawili kati yao wamekuja kwa sababu feni ya chumba hicho ni nzima.

Maoni yangu ni kwamba saa hiyo inayodharauliwa ndiyo inayoamua nani apate nafasi na nani abaki.

Kijana akimaliza digrii ya hisabati pale Tudor, katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, au kule Kilifi katika Chuo Kikuu cha Pwani, nyumbani humngojea swali moja: utafundisha shule gani? Kufundisha ni kazi ya heshima. Lakini njia nyingine zipo, tena si za siri. Iko taasisi ya hisabati ya AIMS, iliyoanzishwa na Neil Turok mwaka 2003 huko Muizenberg karibu na Cape Town, ikaenea Senegal, Ghana, Kameruni na Rwanda. Anayechaguliwa husomeshwa shahada ya uzamili, akapewa malazi na chakula. Iko taasisi ya fizikia na hisabati ya ICTP, huko Trieste, Italia, aliyoiasisi mwanafizikia wa Pakistan, Abdus Salam, mwaka 1964, ambayo huchukua wahitimu wa nchi kama zetu kwa mwaka mzima wa masomo bila karo. Na hapa jirani tuna mpango wa hisabati wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, EAUMP, ulioanza mwaka 2002 kwa msaada wa Sweden.

Wanaoomba ni wengi, na karatasi zao za matokeo hufanana. Kinachowatofautisha ni barua za walimu.

Sasa hebu kaa kwenye kiti cha mwalimu. Darasa la kalkulasi la mwaka wa kwanza laweza kuwa na wanafunzi mia na zaidi, kwa kuwa wahandisi na watu wa kompyuta nao wamo humohumo. Miaka mitatu baadaye mmoja wao anabisha hodi ofisini, anataka barua. Uso mwalimu anaukumbuka, jina limemtoka. Ataandika nini? Ataandika kwamba huyu ana adabu, alihudhuria vipindi, alipata alama A. Barua ya namna hiyo haimjengi mtu. Lakini kama kijana huyo aliwahi kusimama semina, akaulizwa swali lililomshinda, akasema wazi kwamba hilo hana jawabu lake, kisha wiki iliyofuata akaja na karatasi mbili za jawabu, hapo mwalimu ana la kuandika.

Mombasa ina ushahidi wa jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika taasisi ya elimu ya Waislamu iliyojulikana kama MIOME, iliyojengwa hapa kwa fedha za wafadhili wakiwemo Sultani wa Zanzibar na Aga Khan, alikuwako karani kijana jina lake Ali Mazrui. Mtihani wake wa sekondari wa Cambridge haukuwa mzuri, na Makerere hakupata nafasi. Basi siku moja ya Maulidi akapewa fursa ya kuhutubia, na katika waliohudhuria alikuwamo Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell. Gavana akapendezwa, akamfanyia mpango wa masomo Uingereza. Akaanzia Huddersfield, akaenda Manchester, akaenda Columbia, mwisho Oxford. Najua, Profesa Mazrui hakuwa mtu wa hisabati, alikuwa mtu wa siasa. Lakini tazama: cheti chake kilikuwa kilekile kabla ya hotuba na baada ya hotuba. Kilichozidi ni kuwa mtu alimsikia.

Na MIOME hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, ikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 2007, na tangu Januari 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Wazee wa Tudor mpaka leo wanaiita Poli.

Haya, mwanafunzi atasema: nitazungumza nini mimi, mwaka wa tatu? Mwanangu, wewe unaishi kisiwani. Mada inakujia mlangoni mara mbili kwa siku.

Mvuvi yeyote wa Bandarini anajua bamvua na anajua maji mafu. Anajua bamvua huja mwezi unapoandama na huja tena unapokuwa mpevu. Kwa nini? Mwezi huvuta maji, na jua nalo huvuta, ingawa kwa nguvu ndogo. Mvuto wa jua hurudia zamu yake kila baada ya saa 12 kamili. Wa mwezi huchukua saa 12 na dakika 25 hivi, kwa kuwa mwezi wenyewe haukukaa mahali pamoja, unatuzunguka. Hivyo katika kila saa 24 mwezi huachwa nyuma kwa kama dakika 49. Zamu zao zikiangukia pamoja, maji hujaa mpaka ngazini na hupwa mpaka miamba ikatokeza: hilo ndilo bamvua. Zikipishana, bahari hunywea, ndiyo maji mafu. Zamu hukutana tena mwezi ukishaachwa nyuma saa 12 nzima, kwa hiyo chukua saa 12, yaani dakika 720, ugawe kwa 49. Utapata siku 15 kasoro kidogo. Hapo ndipo bamvua linaporudi.

Hesabu hiyo ni ya shule ya msingi. Mwanafunzi wa chuo ataendelea: ataongeza wimbi la mwezi unapokaribia dunia na unapokuwa mbali, na mawimbi mengine madogo madogo, ayajumlishe yote mpaka apate jedwali la maji ambalo rubani wa bandari ya Kilindini hulitazama kabla ya kuingiza meli. Katika miaka ya 1870, kabla ya kompyuta, mwanasayansi William Thomson, ndiye Lord Kelvin, alitengeneza mashine ya magurudumu, roda na kamba ya kujumlisha mawimbi hayohayo. Semina kama hiyo ningelipa nauli kwenda kuisikiliza, na ningemchukua nahodha mmoja mstaafu akaulize kwa nini bamvua la mwezi huu limezidi la mwezi uliopita. Hilo ni swali gumu kuliko la mtihani, na jawabu lake analo yule anayejua umbali wa mwezi.

Hesabu ya pili iko Mahakama ya Kadhi. Mwanamke amefariki, hana mtoto wala mzazi aliye hai. Ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Fungu la mume ni nusu. La dada wawili ni thuluthi mbili. Jumlisha: tatu ya sita na nne ya sita ni saba ya sita. Mafungu yameishinda mali! Mafakihi walilitatua zamani kwa njia ya auli: mali igawanywe mafungu saba, mume achukue matatu, dada wachukue manne, na kila mmoja awe amepunguziwa kwa uwiano uleule. Al-Khwarizmi wa Baghdad, aliyetupa neno aljebra katika karne ya 9, sehemu kubwa ya kitabu chake ni mambo ya wasia na mirathi. Na babake Ali Mazrui, Sheikh Al-Amin bin Ali, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki 1947. Visehemu hivi vilikuwa kazi yake ya kila siku.

Kwa hivyo mada tunazo. Tulichokosa ni saa na mahali. Semina ikiwekwa Ijumaa mchana, nusu ya Mombasa iko msikitini. Ikiwekwa usiku, msichana wa Kibokoni hatakuja, na akija atakuwa anatazama simu, maana nyumbani wanahesabu dakika. Ikiwekwa Jumatano, saa kumi na robo jioni, Alasiri imeshasaliwa na Magharibi bado iko mbali. Ni jambo dogo, lakini linaamua nani ataonekana na nani hataonekana.

Na matangazo pia. Tangazo la ufadhili likibandikwa wiki moja kabla ya siku ya mwisho, hilo ni la aliye na pasipoti mkononi. Agosti 2019 vijana wa Afrika nzima walikutana Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi, kwa mkutano wa Deep Learning Indaba juu ya ujifunzaji wa mashine. Kwa mtoto wa Mombasa safari ile haikutaka pasipoti. Ilitaka tiketi ya treni, na kuambiwa mapema, kwa sababu maombi ya mikutano kama hiyo hufungwa miezi kabla. Ningependa kila Januari idara ibandike orodha moja ya nafasi za mwaka mzima, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu aambiwe aende akaanze kushughulikia pasipoti.

Mwaka 2019 UNESCO iliitangaza tarehe 14 Machi kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati. Ombi langu kwa walimu wa hisabati wa hapa: siku hiyo leteni ubao mmoja Mji wa Kale, palipo na kivuli. Wazungumze wanafunzi, kwa Kiswahili, nusu saa kila mmoja. Walimu wakae nyuma. Kahawa tutachanga sisi, na ikiangukia Ramadhani, kahawa itangoja futari. Na kila mwalimu aje na kidaftari, aandike majina ya waliojibu vizuri, na ya waliouliza vizuri pia.