Kamba Kabla ya Ubatizo

Tufungue Matayo 14. Petro alipoanza kuzama, Yesu hakumhubiria kwanza. Alinyosha mkono, akamshika. Neno juu ya imani lilikuja nyuma.

Sisi wa Kasenga tunakula samaki wa Luapula, na tunabatiza katika Luapula. Lakini tujiulize: ni mara ngapi tumesimama ndani ya mto pamoja na watu wasiojua kuogelea, bila hata kamba moja ukingoni? Sisi wachungaji tuungame hilo.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilianguka katika ziwa Victoria, karibu na Bukoba, Tanzania. Watu 43 walikuwa ndani. 19 walikufa, 24 waliokoka. Waliotangulia kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja kati yao, serikali ilimpeleka kwa jeshi la zimamoto na uokoaji afundishwe. Kwa nini? Moyo alikuwa nao tayari, yalibaki mazoezi.

Anayezama humkumbatia anayemwokoa, wakazama wote wawili. Basi vijana wetu wa kujitolea wajifunze hivi: kwanza mnyoshee mti, au mtupie kamba iliyofungwa bidoni tupu, kuingia majini ni kwa mwisho. Warudie mpaka mikono izoee.

Tangu sasa, mazoezi hayo yatangulie kila ubatizo. Kuomba tutaomba, lakini kamba iwe mkononi.

Mungu awabariki. Amina.