Wanyama Wanaishije Katika Baridi?

Ketini karibu na redio tuanze.

Ninyi wa Sumbawanga hamna haja ya kuelezwa baridi. Mji wenu uko juu kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai upepo wa Ufipa hupenya hata blanketi. Mimi nilifika huko mara ya kwanza na shati la mikono mifupi, sikurudia tena. Lakini ukishuka Bonde la Rukwa, koti unalivua.

Mbali sana, kaskazini ya dunia, iko nchi ambayo bahari yenyewe huganda ikawa barafu. Katika majira ya baridi jua halichomozi kwa majuma mengi. Huko anaishi dubu mweupe. Anawezaje?

Sikilizeni vizuri. Manyoya hayaleti joto. Joto hutoka mwilini. Kazi ya manyoya ni kushika hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Blanketi hufanya hivyo hivyo, na nyasi za paa lako pia. Dubu huyu ana manyoya mazito, na chini ya ngozi ana mafuta yanayoweza kufika unene wa sentimita 10. Mbweha wa huko ana masikio madogo, kwa sababu joto hupotea upesi masikioni. Tembo wa Katavi anaishi penye joto. Masikio yake ni kama nyungo mbili.

Je, watoto? Mtoto wa dubu huzaliwa katikati ya baridi, na uzito wake haufiki kilo moja. Mama huchimba pango ndani ya theluji. Mtacheka, theluji itampaje mtu joto? Lakini nayo imejaa hewa. Humo huwanyonyesha maziwa yenye mafuta mengi mpaka baridi kali ipungue.

Karibu nasi yuko pimbi wa Mlima Kenya, anayeishi hata juu ya mita 4,000. Manyoya yake ni mazito kuliko ya pimbi wa nchi za chini. Pimbi hulala wamebanana miambani, na asubuhi huota jua kwanza.

Sasa twende zizini kwako. Ndama aliyezaliwa usiku wa Julai amelowa mwili mzima, na manyoya yaliyolowa hayashiki hewa. Usingoje kupambazuke. Mwondoe penye upepo, mpanguse kwa nyasi kavu mpaka akauke, na ahakikishwe amenyonya dang'a mapema, maana joto la mwili hutokana na chakula. Vifaranga nao huingia chini ya mama yao. Wasio na mama wawekwe pamoja ndani ya nyumba, juu ya majani makavu, siyo sakafuni.

Mwalimu, andika ubaoni: manyoya, hewa, mafuta, dang'a. Kila mtu asome kwa sauti, kisha aandike sentensi moja juu ya mnyama aliyezaliwa kwake wakati wa baridi.