Ubongo na maandishi ya soko la Kakuma

Msikilizaji, katika soko la Kakuma, kwenye barabara inayotoka Lodwar kwenda Nadapal mpakani na Sudan Kusini, jicho hukutana na herufi za Kilatini, za Kiarabu, za Kiamhari, na juu ya maboksi ya sola, za Kichina. Wengi huamini kuwa Kichina, kwa kuwa alama zake zafanana na picha, husomwa na nusu ya kulia ya ubongo.

Mwaka 1979 mtafiti Ovid Tzeng na wenzake walichapisha jaribio lao kuhusu jambo hilo katika jarida la Nature. Alama moja ya Kichina ikimulikwa upande wa kushoto wa eneo linaloonwa na macho, ambako habari hufika kwanza nusu ya kulia, ilitambuliwa vizuri zaidi. Lakini alama mbili zilipoungana kuwa neno, nusu ya kushoto ndiyo iliyotangulia. Hapo ndipo penye uzito: neno ni lugha, si umbo tu. Picha za ubongo zilizopigwa baadaye zimethibitisha kuwa msomaji wa Kichina naye hutegemea sana kushoto, ingawa kulia, hasa kisogoni, humsaidia zaidi kuchambua maumbo.

Kwa kuwa kusoma ni kazi ya lugha katika maandishi yoyote, nawafikiria watoto wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyofunguliwa 1992. Aliyeanza kusoma kwa Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, anapoingia darasa la Kiingereza na Kiswahili huja na ubongo uliokwisha kujua kusoma. Mwalimu, tafadhali, mpe muda azoee herufi, usimrudishe chekechea.